Wakwe Waliokaa Kwenye Gari

Ukialikwa kwetu saa nane, saa nane ndipo mwenye nyumba anaanza kutafuta sabuni. Hakuna anayekasirika, maana mgeni naye yuko kwake anatafuta ya kwake. Ila waliokuwa wanakuja kumposa mjukuu wangu, muuguzi, ni watu wa kwingine. Kwao saa nane ni saa nane, na anayekuchelewesha amekutukana.

Mwanangu, baba wa binti, ni seremala. Mbao anaipima mpaka unywele. Saa hajawahi kuipima.

Mjukuu akanifuata jikoni. "Bibi, baba atawapokea na taulo kiunoni. Watageuza gari, na mimi nitazeekea hapa na wewe."

"Una bahati. Niachie mimi."

Asubuhi ya siku ya posa nikapanda kiti, nikaisukuma saa ya ukutani mbele saa nzima. Simu ya mwanangu nikaipeleka kwa jirani ikachajiwe.

Basi akaoga mbio mbio akijua kachelewa, na saa nane ya kweli ilipofika yumo kitini, ananukia kama bwana harusi mwenyewe. Wageni hawajatokea. Akatazama ukutani, akatazama tena. Saa yangu iliposema kumi, akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Wametudharau, Mama. Watu wa saa kamili, kwangu wanachelewa saa mbili? Binti yangu haendi huko."

Mjukuu akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

Mara hodi. Mama wa kijana akatangulia, anajipepea kwa mkono. "Tusameheni. Tumefika mapema, tukakaa kwenye gari hapo kona. Kijana alituambia kwenu mgeni anayewahi anamkuta mwenye nyumba bafuni. Tukajilazimisha kuchelewa saa moja. Mume wangu nusura augue."

Mume mwenyewe shati limemganda mgongoni kwa jasho. Mwanangu akaliona, akavifunga vifungo vyake kimoja kimoja.

"Na mimi nimeharakisha kuvaa kwa ajili yenu," akasema taratibu. "Kaa, mkwe. Binti, waletee wazazi wako maji."

Wazazi wako. Mjukuu nusura aangushe jagi.

Yule mzee akatazama ukutani, akatazama saa yake ya mkononi, akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Usihangaike, mkwe," nikamwambia. "Hiyo yetu wageni wakija huwa inakimbia."

Akatabasamu kwa adabu, akaigeuza yake polepole mpaka ikalingana na ya kwetu.

Nikaenda kupakua chakula.