Kaka wa Fundi Cherehani

Gumba alikuwa fundi simu, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na ukumbi wa gemu, kwa heshima ya kidole gumba chake cha kulia. Siku moja alifunga goli katikati ya chafya: mpira ukatangulia wavuni, chafya ikafuata. Anayebisha akaangalie kioo cha televisheni, alama bado ipo.

Miaka minne alikalia kiti cha kwanza cha timu, kile chenye mto mwekundu, hata mto ukashika umbo lake. Kisha akaja Msumari.

Msumari hakuja kwa miguu. Alicheza kutoka kwao, mtandaoni, hazungumzi, anaandika tu: "Sawa." "Asanteni." "Tatu bila." Watu thelathini wa ukumbi ule, wanaume watupu ukimtoa mama wa kupiga deki asubuhi, hawakuwahi kumwona, na wote walimpenda. Kapteni ndiye aliyezidi. Msumari angepita hivi, Msumari asingekosa ile. Gumba alijiona kama mke mkubwa aliyeletewa mwenzake ndani, tena mwenzake mwenyewe hata sura haonyeshi. Akakonda kilo nne. Mkewe alihisi kuna mwanamke mahali, akapekua simu, akakuta video arobaini za magoli ya Msumari. Alimrudishia simu kwa huruma.

Halafu kapteni akatangaza: Jumamosi Gumba na Msumari wakutane ukumbini ana kwa ana, na mshindi ndiye atakayekalia mto mwekundu kwenye mashindano makubwa. Msumari akaandika, "Nitakuja."

Alhamisi, fundi cherehani wa duka la mkabala alimletea Gumba pedi ya gemu, kama afanyavyo kila mwezi. Ya kaka yangu, alisema, kijiti cha kushoto kimelegea tena. Gumba akaigeuza chini ya taa. Kijiti kilikuwa kimelika upande mmoja tu, juu kushoto. Duniani kulikuwa na mtu mmoja aliyekata kushoto namna ile, Msumari, na kumbe yeye Gumba ndiye aliyekuwa akimnolea panga miezi sita yote.

Akajikaza. Akauliza habari za kaka kama mtu asiyejali: kazi gani, ana mke? Alitamani kusikia walau ana kigugumizi. Fundi cherehani alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, jicho moja kalifumba.

"Huyo? Hataki hata kusikia habari za kuolewa."

Uzi ukapita tunduni. Mwanamume huoa, hilo hata mtoto wa chekechea halikosei.

"Kaka yako haolewi, dada," Gumba alisema taratibu.

"Ulimi umeteleza."

"Na kijiti?"

Fundi cherehani akaketi, akaeleza. Mara ya kwanza aliingia mtandaoni kwa jina lake. Mmoja akamwambia sufuria inaungua, watatu wakaomba picha, na hakuna aliyekubali kucheza naye. Alipojiita Msumari, kwa vidole vilevile, akawa mfalme. Akamwomba Gumba asiwaambie.

Gumba akasema hatasema, na neno lake alilishika hadi saa kumi na moja jioni.

Ukumbi ulicheka. Kapteni, yuleyule, akasema kumbe yale magoli yalikuwa bahati tu. Mto ni wa Gumba, mechi ya nini? Mwingine akadai alijua tangu zamani kwamba uchezaji ule ulikuwa laini mno. Gumba akakaa juu ya mto wake, ukamchoma. Ikiwa Msumari si kitu, yeye alikuwa akimwonea wivu nani? Kilo nne zile zilikwenda wapi? Wivu wake ulikuwa mkubwa, wa heshima zake, na hakuwa tayari kuambiwa ulikuwa wa bure.

"Mechi ipo," akamwambia kapteni. "Isipokuwepo, mto huu ukalie wewe."

Ijumaa alibadilisha kijiti. Skrubu moja ilimtazama kwa ushawishi: ukiilegeza robo mzunguko tu, nani angejua? Akaikaza, huku akiitukana. Alipoipeleka pedi ng'ambo ya barabara alikiri kwamba amesema.

"Nilijua," fundi cherehani akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye pindo. "Una uso wa mtu aliyekula mboga ya mwenzake. Nitakuja hivyohivyo."

Jumamosi alikuja na futi yake ya kupimia shingoni. Alipofunga bao la kwanza watu walinong'ona, la pili wakasogea karibu. Ilipofika mbili kwa mbili, Gumba alijua mpira unakwenda kushoto, akaenda kushoto mapema, akajitupa kushoto, na bado ukapita kushoto. Kapteni aliuinua ule mto mwenyewe, akaukung'uta, akamkabidhi fundi cherehani. Hakuna aliyetaja sufuria. Gumba akahamia kiti cha pili, cha plastiki, kinachobana makalio.

Baada ya mwezi fundi cherehani akaweka pedi juu ya meza yake.

"Ya kaka?" Gumba akauliza.

"Kaka kaolewa," akasema. "Kaolewa na mto wako."

Gumba akafungua skrubu ya kwanza. Kijiti kilikuwa kimelika palepale, na wivu ukamtafuna vizuri, kama zamani.