Kishindo Ndani ya Bomba

Nimekuwa fundi wa mabomba hapa Ruring'u kwa miaka ishirini na miwili, na miaka hiyo yote nilikuwa na adui mmoja: kishindo. Unakijua. Unafunga mfereji wa jikoni kwa haraka, na ndani ya ukuta kunagonga: kwa! Wateja wengine huniita wakidhani nyumba ina mapepo. Mimi huja na dawa yangu, chupa ya hewa. Ni kipande cha bomba tu, kimesimama wima, kimezibwa juu, ndani hamna kitu ila hewa. Maji yakija na hasira zake yanaibonyeza ile hewa, hasira inaisha, nyumba inanyamaza. Natia mkoba begani naenda zangu.

Kwa hiyo Mwalimu Risper aliponiita Jumatatu moja ya Februari, nilijua ni kazi ya nusu saa. Risper hufundisha fizikia. Kwao ni Siaya, ila amepanga nyumba nyuma ya uwanja wa Ruring'u. Nilifungua mfereji, nikaufunga ghafla. Kwa!

"Ngoja, Tabby!" Akaruka kutoka kitini. "Rudia tena."

"Nirudie nini? Shida nimesikia."

"Si shida. Hebu rudia!"

Nikarudia. Akaweka kiganja ukutani, akafumba macho, akatabasamu. Nilianza kuudhika, maana subira sina, na yeyote anayenijua atakwambia hivyo.

"Mwalimu, niko na kazi zingine town."

"Unajua hiyo ni nini? Maji ilikuwa inakimbia, na wewe umeifungia mlango kwa uso. Hiyo mbio yote lazima iende mahali. Hiyo kwa! inaweza kurusha maji juu kuliko hii nyumba."

"Hizo waambie watoto wa form two."

"Kaa hapo," akasema, akachukua karatasi ya mtihani wa zamani na kuanza kuchora nyuma yake.

Alichora bomba linaloteremka kutoka mtoni. Mwisho wake pana valvu mbili. Ya kwanza iko wazi, na maji yanamwagika nje kupitia kwayo, yakizidi kukimbia, mpaka mbio zake zenyewe zinaipiga ile valvu ikajifunga. Kwa! Sasa maji hayana pa kwenda. Yanailazimisha valvu ya pili ifunguke, na kiasi kidogo kinarushwa ndani ya chupa ya hewa, kama zile zangu, inayokisukuma mlimani. Nguvu inapolegea, valvu ya pili inajifunga ili maji yale yasirudi, na ya kwanza inaanguka wazi kwa uzito wake, mchezo ukaanza upya. Mara sitini kwa dakika, usiku na mchana. Hakuna stima, hakuna mafuta, hakuna mtu.

"Kati ya debe kumi, nusu debe ndio inapanda," Risper alisema. "Hizo tisa na nusu zinaisukuma, halafu zinarudi kwa river."

Nilikaa nikiitazama karatasi ile. Kwanza nilikasirika, kweli kabisa. Miaka ishirini na miwili naua kitu hiki, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia kwamba kinaweza kubeba maji mlimani! Kisha mwili wote ukanisisimka. Nikamwomba anieleze tena, toka mwanzo, na aliponieleza nilicheka kwa sauti peke yangu. Ni kitu kizuri mno. Na hapo hapo nikamkumbuka Tata Wakonyo.

Tata ndiye shangazi kwetu. Wakonyo ni dada ya marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea. Anaishi mgongoni mwa kilima kule Tetu, na kijito kiko chini kabisa ya shamba lake. Tangi lake la mvua hukauka kila Januari. Toka hapo hushuka mtoni na mtungi, akapanda nao mgongoni, mkanda ukimkaza kwenye paji la uso, na ana miaka sabini na mmoja. Wiki mbili kabla ya siku hiyo aliteleza, akalala katikati ya mikahawa yake, ile miti ya kahawa, mpaka saa sita mchana jirani alipomsikia. Mwanawe Peterson, anayeuza matairi mjini Kenol, akakata shauri: Jumamosi atakuja na pikapu amhamishe. Tata alilia kwenye simu. "Kenol nitakaa tu nikiangalia malori, Tabby," aliniambia. "Nikufe nikihesabu malori."

Nikampigia Peterson, nikamweleza habari ya ile pampu ya Risper. Alicheka mpaka akakohoa.

"Tangu lini maji ikapanda mlima yenyewe, ati? Haya sikiza. Ikifika kwa tangi kabla nipakie kitanda ya mathe, abaki. Isipofika, usinipigie tena hii story."

"Sawa," nikasema. "Lete hiyo pikapu yako."

Jumanne mpaka Ijumaa sikushika kazi nyingine. Maji ya kijito niliyapata penye kaporomoko kadogo, mita tatu juu ya mahali pa kuweka pampu, na kutoka pampu mpaka tangi la Tata ni mita thelathini kwenda juu. Bomba la kuteremsha maji lilikuwa la chuma, maana Risper alikataa plastiki katakata: plastiki inatanuka, inakiiba kishindo. Valvu nilizitoa katika vyuma vyangu vya zamani. Bomba jembamba la kupandishia nikalipitisha katikati ya mikahawa hadi juu. Usiku nilikuwa nikiota valvu.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilifungulia maji. Pampu hii lazima uianzishe kwa mkono, uibonyeze ile valvu ya kwanza mara ishirini hivi mpaka ijishike. Nikabonyeza. Ikajibu kwa unyonge, pup, pup, pup. Nikaona ni vizuri, kumbe imetulia hivi! Nikafuata bomba jembamba kwa juu, nikilegeza maungio nione maji yamefika wapi. Yalikuwa yamefika mstari wa tatu wa mikahawa. Nikangoja. Yakabaki pale pale. Nikashuka, nikabonyeza tena, nikaongeza uzito kwenye valvu, nikapunguza, nikaitukana. Mstari wa tatu.

Saa nne nikasikia honi ya pikapu kule juu.

Nitasema ukweli, nililia. Nililia kwa hasira, magoti matopeni, kwa sababu nilikuwa nimempa mama yule matumaini na sasa nilikuwa naenda kumwangalia akipakiwa pamoja na kabati lake.

Risper alinikuta katika hali hiyo. Alikuwa ametoka kufundisha vipindi vya Jumamosi, viatu mkononi, sketi imejaa magugu.

"Maji imefika wapi?" akauliza.

"Mstari wa tatu."

Akageuka, akaangalia mstari wa tatu, akaangalia kaporomoko yanakotoka maji. Akanyoosha mkono sambamba na macho yake.

"Tabby, hiyo ni level moja na huko juu inatoka. Maji haijapanda hata inchi. Imetafuta usawa wake tu." Akainama juu ya pampu, akaweka sikio. "Na mbona imenyamaza hivi? Nani ameinyamazisha?"

Nikaiangalia kazi yangu. Ikasimama mbele yangu chupa ya hewa, imenyooka, imekazwa vizuri, kazi safi ya fundi. Mchoro ulionyesha ikae baada ya valvu ya pili, ili ipokee maji yaliyokwisha kurushwa na kuyasukuma juu polepole. Mimi nilikuwa nimeiweka kabla ya valvu, palepale kishindo kinapozaliwa, kwa sababu ndipo nimeiweka kila siku ya maisha yangu. Mkono haukuniuliza. Mazoea yana taabu! Nilikuwa nimeijenga pampu ya kishindo, kisha nikakiua kishindo chake.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi, mjinga mimi! Nipe hiyo spana!"

Nikafunga maji, nikaanza kufungua. Kutoka juu tulimsikia Peterson akimwelekeza dereva wake. "Sofa kwanza. Leta kabati. Polepole na kioo." Risper alishika chupa, mimi nikakaza, vidole vikichubuka. Chupa ile ile, hewa ile ile, hatua moja tu mbele. Nikafungulia maji na kubonyeza. Kumi. Kumi na tano. Kwenye ya kumi na nane, valvu iliutoka mkono wangu.

Kwa! Kwa! Kwa! Kwa!

Mama yangu! Chuma chote kilitetemeka. Kishindo kiligonga kilima cha ng'ambo na kurudi. Risper alirusha viatu vyake hewani, kimoja kikaanguka mtoni, hakukijali. Tulipanda mbio kilimani, na nilipofika mstari wa tatu niliweka mkono kwenye bomba jembamba, nikalisikia limekaza, limejaa. Maji yalikuwa yametupita yakienda juu.

Juu uani kila kitu kilikuwa ndani ya pikapu, isipokuwa kitanda. Kitanda kilikuwa katikati ya uwanja, na juu yake ameketi Tata Wakonyo, leso kichwani, mikono miwili imeshika mbao.

"Mathe, simama tuende," Peterson alikuwa akisema. "Jua inawaka."

"Niko na miguu mbaya. Wacha nipumzike kidogo."

"Umepumzika dakika ishirini!"

"Na bado," Tata akasema, akanitupia jicho.

Tukasimama kando ya tangi. Bomba lilikuwa limeinama mdomoni mwake, kavu. Kutoka chini kishindo kilikuja kidogo, kwa, kwa, kwa, na Peterson akauliza ni nani anayepiga nyundo kwa shamba. Risper akamwambia hakuna mtu. Kisha bomba likakohoa. Likatema hewa, likatema tope kidogo, likakohoa tena, na maji yakatoka, membamba kama kidole changu kidogo, yakaanguka kwenye bati la tangi tupu yakilia.

Peterson aliweka mkono chini yake. Akautoa, akautazama, akaurudisha. Halafu akateremka mbio mpaka mtoni na viatu vyake vizuri vya Kenol, na aliporudi alikuwa anahema.

"Hakuna kitu huko!" akasema. "Hakuna injini! Inajigonga tu, Tabby! Nani anaisukuma?"

"Maji," nikasema.

Risper tayari alikuwa anapima na saa na kikombe, akapiga hesabu: zaidi ya debe themanini kwa siku. Haba na haba, na ile haba haitasimama kulala. Peterson alimwita dereva, wakaanza kuteremsha kabati.

Tata alikuwa bado kitandani mwake, anasikiliza bonde. Nikaogopa. Nikamkumbuka kila mteja aliyewahi kuniita.

"Tata, hiyo kelele itakusumbua. Itagonga usiku na mchana. Naweza kujaribu kuipunguza kidogo."

"Usiiguse," akasema, akapangusa macho kwa ncha ya leso. "Hii nyumba imenyamaza tangu mzee wangu aende. Miaka tisa. Wacha igonge."

Kisha akasimama ili wakirudishe kitanda ndani.