Vitufe vya Posa

Husna hana baba. Wa kumwoza ni ami zake wanne wa Majoreni, na kwetu muoaji haendi kwenye posa yake mwenyewe. Kwa hiyo alasiri hiyo ami yangu Nassir alikwenda, mimi nikabaki Kinondo. Lakini sauti yangu niliipeleka. Nilitunga ubeti kwa kila mzee, nikajirekodi, nikaunda ukurasa kwenye simu ya ami: kitufe kwa kila jina, toka Mzee Iddi, mkubwa wao, hadi Swabir, kitinda mimba. Mtu abonyeze jina lake, asikie sifa zake.

Nilikuwa nimejaribu kitufe kimoja tu, cha Swabir. Ndiye ajuaye mashairi, na ubeti wake ndio niliousugua zaidi.

Simu ikalia.

"Shikamoo, ami. Wamekubali?"

"Wakubali nini! Mzee Iddi kabonyeza, simu ikasema, 'Swabiri nguzo ya nyumba, bila wewe yaanguka.' Salimu kabonyeza, Swabir nguzo. Amin, Swabir nguzo. Sasa nguzo yenyewe inacheka mpaka kahawa inamwagika, na nduguze wamenuna."

Nilifungua programu huku nikijitukana. Nilikuwa nimeandika mzunguko unaopita majina yote na kuunda vitufe njiani. Kumbe kitufe hakikushika jina lililokuwapo kilipoundwa. Kilisubiri kibonyezwe ndipo kitazame jina ni lipi, na wakati huo mzunguko umekwisha, lililobaki ni la Swabir. Nikakipa kila kitufe nakala yake ya jina. Mstari mmoja! Mstari mmoja tu, na Husna wangu ananiponyoka!

"Ami, fungua upya. Mzee Iddi abonyeze tena."

"Amesema hali kiporo."

"Basi nipe niseme naye."

"Useme naye siku ya posa? Huna haya? Nyamaza."

Nikamsikia akimbembeleza mzee, kisha sauti yangu mwenyewe: "Mzee Iddi salamu, twakuombea uzima."



"Mdogo wangu nguzo," Mzee Iddi akasema, "mimi naombewa uzima. Kwani naumwa?"

"Kaka, mtungaji kapima huyo!" Swabir akadakia.

"Haya, nguzo ndiyo imwoze mtoto. Mimi sina la kusema."

Kicheko cha Swabir kikakatika. "Hapana, kaka. Wewe upo, mimi siwezi kujibu posa."

Nikasikia vikombe vikikusanywa.

"Umesikia mwenyewe," ami Nassir akaninong'oneza. "Navaa viatu."