Homa Niliyoiruka

...na kijiko kimegonga meno tena, hayafunguki, uji unateremka kidevuni mpaka shingoni, Egwang, ndugu yangu, fungua kidogo tu, kidonge nimekisaga humo, hutasikia hata uchungu wake, lakini taya limekaza kama mlango uliovimba kwa mvua, na macho yananitazama, yananijua, hilo ndilo linaloniumiza, kichaa chake cha Pasaka hakikunijua, kilikuwa kinavua nguo kati ya malori pale kwenye kizuizi cha Malaba na kuwaamuru madereva wazime injini, huyu wa leo ananijua na hasemi... nje Toto, mama yetu, anamwambia jirani, Mzee Ochom, kwamba malaria imempanda kichwani, na Ochom anaitikia, mwaka huu malaria ni kali, kwake pia wamelala wawili, mfunikeni atoe jasho, na tumemfunika, blanketi mbili na koti la marehemu baba, leo siku ya tatu, jasho limelowesha godoro na moto haushuki, klorokwini amemaliza, mkono wake nikiukunja unanipinga kama tawi bichi, na asubuhi mkojo kwenye kopo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, nikaumwaga nyuma ya choo mbio mbio, mbio za nini, nilikuwa namficha nani... "Anjeline, amekula?" Anakula, Toto, nimesema anakula, mwongo mkubwa mimi, na ni Toto aliyesema juzi, ongeza kidonge, kunyamaza hivi ni kichaa kinarudi, nikaongeza, viwili asubuhi, viwili jioni, kwa mkono wangu huu, na ile sindano ya kichaa ya mwezi mzima bado imo mwilini, alichomwa wiki jana tu, hospitalini, na yule muuguzi mwembamba mwenye kalamu kwenye nywele, Kiswahili chake cha haraka, na Toto Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi, basi kazi yangu siku zote ni kumgeuzia kwa Kiteso, na muuguzi alisema, nauona mdomo wake sasa, "Dawa hii ni nzuri, lakini mara chache humgeuka mtu. Akikauka mwili na homa kali ikamshika, msimpe tena, msingoje kesho, mleteni." Nami nikamgeuzia Toto, dawa ni nzuri, anaweza kukauka kidogo. Basi. Homa niliiruka, na yote yaliyoifuata nikayaruka, kwa sababu nilitaka kucheka, homa, hapa kwetu, nani hana homa, si tungehamia hospitalini na kuku wetu, nikaona huyu dada ametoka kusiko na mbu, hajui watu wa mpakani, na Toto ana woga, akisikia neno hilo hatampa mtoto dawa hata moja na kichaa kitarudi, nikajifanya mwerevu kuliko waliosomea... sasa Ochom anacheka nje, anasema Egwang ana bahati ya dada, na Toto anasema kweli, bila Anjeline ningekuwa nimezika, Mungu wangu, anasema hivyo, na mimi hapa ndani nimeshika kijiko, si malaria, Egwang, si pepo, si kichaa, ni hiki kilichomo ndani ya uji, na blanketi hizi tunakuchemsha nazo, naogopa, hata kwenye baiskeli ya boda huwezi kukaa ulivyokauka, itabidi mkokoteni wa Ochom, na kabla ya mkokoteni itabidi nitoke hapo nje niseme, na Toto ataniuliza kwa nini, na jibu sina ila lile la kweli, kwamba nilimdharau muuguzi na nikamficha mama neno ambalo kwa Kiteso hata mtoto mdogo analijua... "Anjeline, amekula?" anauliza tena, na kijiko kiko pale pale kwenye meno, uji umepoa, na nitamwambia yote, hata akinilaani mbele ya Ochom, maana mtoto wake bado anapumua, na laana haijapata kumuua mtu haraka kama uji huu.