Mama Mkwe Hachoki

Mama mkwe alikuja kututembelea, akaiona milima kupitia dirisha, akataka kupanda vilele vyote vitano kwa siku moja. Mke wangu akanikata jicho, nikajua sina pa kukimbilia. Mimi ni fundi cherehani. Miguu yangu imezoea kukanyaga pedali, tena nikiwa nimekaa!

Mvua zilikuwa zimepita na maua yamejaa mteremko mzima, lakini anayehema ataona maua gani? Kilele cha kwanza nilifika ulimi nje. Nikae kabla ya mama mkwe? Aibu iliyoje! Naye akasimama wima, mikono kiunoni, akitazama mbali. Tukaendelea.

Cha pili kilikuwa na jiwe zuri la kukalia, hakuna aliyelikalia. Cha tatu nikajifanya nafunga kamba za viatu, nikachelewa makusudi kuinuka. Yeye akaegemea fimbo yake, akichunguza ua moja kama daktari. Moyoni nikalaani: bibi mzima, mapafu ya punda!

Kilele cha nne magoti yake yakagoma, akajibwaga kwenye nyasi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema akihema. "Tangu kilele cha kwanza nangoja wewe uchoke, nami nipate kukaa bila aibu. Kwani wewe huchoki?"

Mlango wa kupumzika ndio huo, umefunguliwa wazi. Nami, mpumbavu wa kupindukia, nikatanua kifua.

"Mimi, mama? Hata kidogo!"

Akashusha pumzi, akashika fimbo, akainuka.

"Haya, baba. Twende cha tano."