Kikao Kilichosikika Sufuriani

Mwaka ule wa ukame, 1984, akina mama wa kujitolea wa kijiji cha Jilore walikuwa wakiwapikia watoto uji nyuma ya kanisa. Jumanne moja Nyevu, kiongozi wao, alitia unga, akakoroga, na uji ulipoanza kutokota sauti ya Simeon Kambi ikatoka sufuriani.

Simeon alikuwa mwenyekiti wa kamati ya misaada. Wakati huo alikuwa kikaoni mtaa wa Barani, mbali huko mjini Malindi.

"Vikundi vimezidi," alisema. "Tuvivunje, na cha Jilore pia. Unga wote upikwe hapa Barani, na kikundi cha mke wangu."

Mapenzi, mwenzake aliyekuwa akichochea moto, aliwaambia watoto wanyamaze. Maneno yalisikika vizuri, ila moto ulipofifia nayo yalififia, kwa hiyo akaongeza kuni.

"Na watoto wa Jilore?" Hiyo ilikuwa sauti ya katibu, Mwalimu Jedida, mgeni kutoka bara.

"Wana miguu."

"Basi tuwaulize kwanza hao akina mama."

"Tukiwauliza watakataa," Simeon alisema, na kikao kikacheka.

Nyevu alikoroga kwa nguvu hata uji ukamrukia mkononi. Hakuufuta. Walitaka kusikia hadi mwisho, wakauacha moto uwake. Wanaokubali waliambiwa waseme ndiyo. Wakasema ndiyo, wote isipokuwa Jedida. Uji uliungua chini, na siku hiyo watoto walikunywa uji wenye harufu ya moshi.

Kesho yake Nyevu na Mapenzi walidandia lori la mkaa hadi Barani. Ofisini walimkuta Simeon na katibu wake; Simeon aliwapa viti, akaagiza chai. Nyevu hakumwamkia.

"Kikundi tulikianzisha wenyewe, kuni tunaokota wenyewe," alisema. "Mbona mmekivunja bila kutuuliza?"

"Nani amewaambia?"

"Sufuria."

Simeon alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Afadhali. Nilikuwa nikiwaza nitawafikishiaje. Mwalimu, andika: akina mama wa Jilore waliusikia mkutano tangu mwanzo hadi mwisho. Asije mtu akasema tulifanya mambo kwa siri."

"Kusikia si kuulizwa."

"Mama, ulisikia au hukusikia?"

"Nilisikia."

"Basi."

Jedida alishika kalamu asiandike. Simeon akamnyang'anya, akaandika mwenyewe, akapuliza wino ukauke.

"Hasira za nini sasa?" aliuliza. "Wenzenu wa vikundi vingine hawakusikia hata neno."

Nyevu alikiinua kikombe chake, akaimwaga chai sakafuni, yote, polepole, huku akimtazama usoni. Kisha akatoka. Mapenzi naye akaimwaga ya kwake. Simeon alimwita mtu alete tambara.

Ijumaa lori la kamati lilikuja Jilore likachukua unga na sufuria. Huko Barani sufuria iliendelea kutoa vikao kila ilipochemka. Zipporah, mke wa Simeon, aliizoea upesi. Alipochoka kuisikia sauti ya mumewe aliifunika kwa sinia, akaweka jiwe juu.

Watoto wa Jilore walioweza kutembea waliondoka kwao kabla ya alfajiri. Walifika Barani uji umekwisha, wakaambiwa kesho wawahi.