Samaki Wasiong'aa Machoni pa Mama Martine

Mimi Edith nina hasira za karibu, sikatai. Lakini Jumamosi ile nilikuwa nimetulia kabisa. Samaki wangu walifika alfajiri kutoka Kasenga, nikawapanga juu ya barafu, nikawamwagia maji, wakang'aa. Nina miaka kumi na tisa katika soko hili la Hewa Bora na hakuna aliyewahi kunirudishia samaki. Sifa hiyo ndiyo inayoniuzia.

Saa tatu akaja Mama Martine, présidente wa akina mama wa parokia. Yeye ndiye huchagua chakula cha sherehe zote, na kesho yake padri mpya, mtoto wa watu wa Mitwaba, angesoma misa yake ya kwanza. Alivaa miwani ya jua aliyotumiwa na binti yake aliyeko Ubelgiji. Nyuma yake walimfuata akina mama watano wa kamati. Hapa kwetu akichagua yeye, soko zima linachagua. Akikataa, jioni unakula samaki wako mwenyewe.

Aliinama akatazama macho ya samaki, kama tufanyavyo sote. Jicho likififia, huyo ni samaki wa jana.

"Edith, hii samaki haiko ya leo," alisema, kwa sauti ile ya kutangaza kanisani. "Macho yake inakufa. Ngozi nayo haing'ae hata kidogo."

"Mama Présidente, inafika leo asubui."

"Miye niko naona."

Nikachota maji nikawamwagia tena. Akatikisa kichwa. Nikamwaga ndoo nzima, na kila nilivyozidi kumwaga ndivyo alivyozidi kutikisa. Wale watano wakahamia meza ya jirani, na wateja wengine wakapita wakinitazama kwa huruma. Huruma ya sokoni inauma kuliko tusi. Nilikaribia kumwambia macho yaliyokufa ni yake.

Aliyeniokoa ni Élie, anayeuza miwani kwenye ubao ng'ambo ya meza yangu. Alikuja taratibu akaitazama miwani ya Mama Martine.

"Mama, lunettes yako iko polarisée. Ya kweli, haiko kama hizi zangu. Inamisha kichwa, sikio ifike ku bega."

Mama Martine aliangalia kwanza nani anamwona, kisha akainamisha. Alikaa hivyo kitambo.

"Inang'aa," alisema kwa sauti ndogo.

"Jua ikipiga ku kitu ya maji, mwangaza inarudia ya kulala," Élie akaeleza. "Hizi lunettes zinaacha tu ya kusimama ipite. Njo maana kisha mvua, barabara haikuchome macho. Kwa chauffeur iko bien sana. Lakini kung'aa ya samaki nayo ni ile ya kulala, zinaifunga pia." Akatoa simu yake, akaizungusha mbele ya macho ya Mama Martine. "Unaona? Namna hii écran inakuwa giza. Simu haikufa."

Nilijiona mjinga na ndoo yangu. Maji yote yale niliyomwaga yalikuwa yakiongeza kitu kile kile ambacho miwani ilikuwa ikikizuia.

Mama Martine alivua miwani, akawatazama samaki kwa macho yake mwenyewe, kisha akanisogelea sikioni. "Unisamehe, Edith."

Hapo ndipo hasira ilipanda kweli.

"Mama, mbele ulisema bantu bote basikie. Sasa unasemea miye peke yangu?"

Alifungua kitambaa chake cha kichwani, akakizungusha kuwa kata. Akajaza beseni tilapia wakubwa. Nilipochukua gunia la kuwafunika akanishika mkono. Mwenye mkokoteni akaja mbio, naye akamrudisha. Tangu awe présidente sijawahi kumwona amebeba hata kitunguu. Akajitwika lile beseni likiwa wazi. Hakupita mlango wa karibu. Alipita katikati ya soko, polepole, maji ya samaki yakimchuruzika mabegani, na kwenye kila meza akisimama.

"Ni samaki ya Edith. Iko ya leo. Ni miye nilikosa."

Mbele ya wale watano alisema mara mbili.